Dead Boy Detectives: Makachero Walidedi Kitambo Lakini Bado Wako Job

Kama hujaiona hii ya Netflix, umekosa stori tamu. Edwin Payne na Charles Rowland ni maboyz wawili wa shule. Edwin alidedi 1916, Charles 1989. Badala ya kuenda ahera wakafungua ofisi ya upelelezi London, na wateja wao ni mizimu. Uliuawa na hujui ni nani alikumaliza? Unawapelekea kesi.

Edwin huongea kama mwalimu mkuu wa kikoloni. Charles ndiye mwenye vibe, na begi lake hutoa kitu chochote. Watu hai hawawaoni, so wanasaidiwa na msupa anaitwa Crystal Palace, yeye husoma akili za watu.

Utacheka sana, hasa Cat King akianza maringo. Lakini hawa wasee wanajificha. Kifo akiwapata, huenda akawatenganisha. Na Edwin anaijua Jehanamu: wanafunzi wenzake walimfanyia mzaha wa kuita pepo, pepo akatokea kweli, akaishia huko miaka zaidi ya 70. Charles alipokuwa anakata roho, Edwin ndiye alikaa naye akimsomea kitabu.

Ilitoka Aprili 25, 2024, vipindi 8. Agosti hiyo hiyo Netflix wakaikata. Noma!