Nani Kasema? Matuta ya Uluguru na Insha Yangu ya Chuo

Juzi nilikuwa napekua boksi la makaratasi yangu ya chuo pale nyumbani Morogoro, mji kasoro bahari, nikakutana na kitu kilichonichekesha peke yangu kama mwehu. Insha yangu ya kwanza ya chuo! Kurasa tano, na kila ukurasa umechafuka kwa kalamu nyekundu.

Somo lenyewe lilitutaka kila mmoja achague tukio la historia ya kwao, aliandike mara tatu kabla mwaka haujaisha. Mimi nikachagua ghasia za Uluguru za mwaka 1955, maana upande wa mama ni watu wa Matombo. Nikajua hapa nimeula. Kumbe wapi!

Kwa asiyejua, kisa chenyewe ni hiki. Miaka ya 1950, enzi za Gavana Edward Twining, serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima ya Uluguru. Hoja yao ilikuwa kwamba mvua inasomba udongo, na milima hii ndiyo inayoulisha mto Ruvu. Dawa waliyoleta ni matuta ya ngazi. Watu wakalazimishwa kuchimba, kuchoma mashamba kukapigwa marufuku, mkaidi akakiona. Julai 1955 wananchi wakakusanyika Matombo kupinga. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo matuta ya lazima yakaachwa.

Rasimu ya kwanza niliiandika usiku mmoja, desa mkononi. Ukurasa wa pili niliandika hivi: "Wakulima wengi, kwa kukosa elimu, hawakuelewa faida ya matuta." Ukurasa wa nne nikawageuza hao hao kuwa mashujaa walioamshwa na TANU kudai uhuru. Mwalimu alizungushia duara ile sentensi ya ukurasa wa pili, akaandika pembeni maneno mawili tu: "Nani kasema?"

Nilikasirika. Alama zenyewe sizitaji, ila nyingine kama zile zingenipeleka kwenye supu, na supu zikizidi unadisko. Ikabidi niende maktaba.

Rasimu ya pili nikaja kivingine. Nilisoma kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke cha mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Nikamsoma Lionel Cliffe juu ya wakulima wa Tanganyika waliokataa kilimo cha amri. Tanbihi zikajaa hadi chini ya ukurasa, najiona profesa. Mwalimu akarudisha na swali jipya: "Hawa wote nimewasikia. Wewe unasemaje? Na kwa nini Matombo, si Mgeta?"

Hilo la Mgeta lilininyima usingizi. Milima ni ile ile, mkoloni ni yule yule. Lakini upande wa Mgeta, kwenye mboga za kumwagilia na za kupeleka sokoni, matuta ya ngazi yalikubalika zaidi. Basi "ukoloni ulikuwa mbaya" ni kweli, lakini hakujibu swali.

Nikapanda gari kwenda Matombo kwa bibi. Mwaka 1955 alikuwa binti wa miaka kama kumi na mitano. Nikamuuliza kuhusu TANU, yeye akaniambia habari za udongo. Akainama, akakwangua ardhi kwa kidole. Huu wa juu mweusi, akasema, ni mwembamba kama ngozi. Ukichimba tuta unaufukia, unaleta juu ule mwekundu. Panda mahindi uone yatakavyotoka manjano! Halafu akaniuliza kama najua shamba lilikuwa la nani. Uluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, lukolo. Aliyekuja na amri hakuligusa shamba tu, aliwagusa akina mama na ukoo wao.

Jamani, niliona aibu. Ile sentensi ya "kukosa elimu" haikuwa yangu wala ya aliyetunga desa. Ilikuwa ya bwana shamba wa kikoloni, imesafiri miaka yote hiyo kupitia makaratasi ya steshenari, na mimi nikaitia sahihi yangu. Nilikuwa nimemwita bibi yangu mjinga, tena kwa Kiswahili fasaha.

Lakini sikukimbilia kuifuta TANU. Bibi ni shahidi mmoja, na siku ya risasi hakuwepo. Rasimu ya tatu nikapima: udongo na ukoo vilizaa hasira, TANU, iliyozaliwa Julai 1954 wakati watu tayari wamechoka na matuta, iliipa hasira hiyo njia na sauti. Mgeta mboga zililipa jasho la kuchimba, Matombo mahindi hayakulipa. Kila dai nikaonyesha limetoka wapi, na pale penye neno la bibi nikaandika ni neno la bibi.

Alama zilipanda, ndiyo. Ila nilichobaki nacho ni yale maneno mawili. Leo kazi yangu ni uandishi wa habari, na kila ripoti rasmi inaponiambia wananchi "hawana uelewa", mkono unasita kabla ya kuandika.

Wenzangu wenye bibi na babu Kinole, Mgeta au Matombo, kaeni nao sasa. Desa litakusubiri, wao je?