Mtoto mwenye ulemavu: kiongozi wa kanisa anaweza kusaidiaje?

Katika Musoma, Bunda na Butiama, mama akigundua kuwa mtoto wake ana ulemavu, mara nyingi mtu wa kwanza kumweleza ni mchungaji, katekista au mzee wa kanisa. Neno la kiongozi huyo lina uzito. Linaweza kumfikisha mtoto hospitali mapema, au kumfanya afichwe ndani kwa miaka.

Ndiyo maana ni muhimu viongozi wa kanisa wapate mafunzo kuhusu ulemavu. Hawafundishwi kuwa madaktari, bali kutambua dalili, kuelekeza familia kwenye huduma na kumkaribisha mtoto. Wewe mama au mlezi ukijua wanachopaswa kujua, utajua pia cha kuwaomba.

Mambo matatu ambayo kiongozi anapaswa kujua

1. Ulemavu si laana, wala si kosa la mama.
Mtindio wa ubongo unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya mtoto mchanga au homa ya uti wa mgongo. Ualbino hurithiwa kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Wakati mwingine chanzo hakijulikani. Hata katika Injili ya Yohana sura ya 9, Yesu alipoulizwa kama mtu aliyezaliwa kipofu alitenda dhambi yeye au wazazi wake, alikataa yote mawili.

2. Kuchelewa kuna madhara.
Mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, hunyooshwa kwa kufungwa plasta ngumu (hogo) inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa. Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu, hasa usiku, mpaka kufikia miaka 4 hivi. Matibabu ni rahisi zaidi yakianza wiki za kwanza za maisha. Kichwa cha mtoto mchanga kikikua haraka kupita kawaida, au macho yakielekea chini muda wote, mpeleke hospitali bila kusubiri. Maji yakijaa kichwani huharibu ubongo.

3. Kifafa hakiambukizi, na dawa haziachwi ghafla.
Povu la mgonjwa halimwambukizi mtu yeyote. Watu wakikimbia, mtoto anaweza kuungua kwenye mafiga au kuzama ziwani huku wakitazama. Mtoto akianguka kanisani au nyumbani:
- Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza na umwekee kitu laini chini ya kichwa.
- Usimkandamize, wala usimwekee kijiko au kitu chochote mdomoni.
- Mtetemeko ukiisha, mlaze ubavu na ukae naye mpaka azinduke.
- Ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla hajazinduka, mpeleke hospitali haraka.

Maombi na dawa vinaweza kwenda pamoja. Hata wakati wa mfungo, mtoto aendelee kula na kumeza dawa zake. Hata ukiambiwa amepona, usiache. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na linaweza kuua. Daktari ndiye anayepunguza dawa kidogo kidogo, kwa kawaida baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka.

Unaweza kuomba nini kanisani?
- Mtoto wako aingie Shule ya Jumapili pamoja na wenzake.
- Aitwe kwa jina lake, si kwa ulemavu wake.
- Mlangoni pawe na njia ya mteremko, na choo kifikike.
- Jumuiya ikusaidie nauli ya kliniki, au mtu wa kubaki na watoto wengine.
- Muuguzi apewe dakika chache kuzungumza na waumini baada ya ibada.

Uanzie wapi?
Anza na zahanati yako au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kutoka hapo unaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Kwangwa, Musoma, na ikibidi Bugando, Mwanza. Kwa masuala ya shule na misaada, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi.

Ukiambiwa umzuie mtoto hospitali, usigombane na mtu. Mpeleke, kisha mwombe muuguzi akazungumze na kiongozi huyo. Lakini mtoto akifungwa kamba, akipigwa au akinyimwa chakula kwa jina la maombi, toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116 bila malipo.

Jumapili ijayo, usimwache mtoto nyumbani. Nenda naye.