Mkupuo faafu na hesabu ya kasoro

Mwaka 1913 Mmarekani Ford W. Harris alitoa kanuni ya kukokotoa kiasi cha kutengeneza kwa mara moja ili gharama iwe ndogo kabisa. Ukitengeneza bidhaa nyingi mno, ghala hujaa na fedha hulala. Chache mno, gharama ya kuandaa mashine hujirudia kila wiki. Kiasi hicho nakiita mkupuo faafu. "Bechi" nayo imezoeleka, ila watu wengi huielewa kama namba iliyopigwa chapa kwenye paketi.

Kanuni hiyo, hata baada ya E. W. Taft kuirekebisha mwaka 1918, ilichukulia kwamba kila kinachotoka kiwandani ni kizima. Wabangua korosho wa Naliendele, Mtwara, jirani na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinachofanya utafiti wa zao hilo, wangecheka. Korosho ghafi hupikwa kwa mvuke, hupozwa, hubanguliwa. Kiini hukaushwa tanurini, humenywa ngozi ya ndani, kisha hupangwa kwa madaraja. Njiani humo zipo zinazovunjika na zipo zinazoungua.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoziita zote hizo "bidhaa mbovu". Neno lifaalo ni kasoro, maana kasoro zina hesabu tofauti. Korosho iliyooza hutupwa. Yenye ngozi iliyogoma hurudishwa kukaushwa na kumenywa upya, ikala kuni na muda. Iliyovunjika ni chakula safi kabisa, inauzwa, ila kwa bei ya chini. Salameh na Jaber walitoa kanuni inayofanana na hali hiyo ya mwisho mwaka 2000: vyenye kasoro huchambuliwa na kuuzwa pamoja kwa bei ya punguzo.

Sasa tuone kasoro hizo zinavyobadili hesabu ya kusafirisha. Kontena la futi 20 hubeba maboksi 700 ya ratili 50, yaani takriban tani 15.9. Mnunuzi akitaka korosho nzima tupu, na tuchukulie kiini ni robo ya uzito wa korosho ghafi na nzima ni asilimia 70 ya viini, kiwanda kitahitaji tani 91 za korosho ghafi. Nzima zikishuka hadi asilimia 60, zitahitajika tani 106. Tofauti hiyo ya tani 15 haiwezi kutafutwa mnada wa korosho ghafi wa msimu ukishapita. Msimu huanza Oktoba na ghala ndilo linalolisha kiwanda miezi inayofuata. Wala kuongeza kasi si dawa, kwa sababu tanuri likiharakishwa viini hukauka kupita kiasi na kuvunjika zaidi wakati wa kumenya.

Anayekusudia kusaini mkataba wa kontena apime kwanza kasoro za kiwanda chake mwenyewe, hatua kwa hatua, kisha ahesabu kutoka korosho nzima kurudi kwenye magunia, ndipo aahidi tarehe.