Kwa Miguu Hadi Michoro ya Mungomi wa Kolo

Kutoka kijiji cha Kolo, wilayani Kondoa, kando ya barabara ya Dodoma–Arusha, njia hupita mashamba ya Warangi, kisha hupanda majabali ya Mungomi. Mwinuko wa mwisho ni mkali. Vaa viatu imara. Juu, chini ya miamba, wamechorwa watu warefu wembamba wenye nywele zilizotimka, twiga na pofu, wote kwa rangi nyekundu. Michoro myeupe ni ya baadaye. Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951. UNESCO iliitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wenyeji bado hutambikia hapa, wakiomba mvua na uponyaji. Ongozana na mwongoza watalii. Usiguse wala kumwagia maji michoro: itafutika.