Ndui Ilivyoishia Merka

Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wagonjwa liliingia Merka, mji wa bandari ulio kilomita zipatazo 100 kusini mwa Mogadishu. Watoto hao walikuwa na ndui. Walikuwa wametolewa kwenye kambi ya wafugaji wanaohamahama na kupelekwa mahali pa kutengea wagonjwa. Dereva hakuijua njia, akasimama hospitalini kuuliza. Mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23 aliyeitwa Ali Maow Maalin, akapanda garini awaelekeze. Safari ilichukua dakika chache tu. Akateremka, akarudi kwenye masufuria yake.

Tarehe 22 homa ikamshika. Hospitalini wakamtibu malaria, jambo ambalo mganga yeyote wa pwani ile angelifikiria kwanza. Siku nne baadaye upele ukamtoka. Wakasema ni tetekuwanga, wakamruhusu akajiuguze nyumbani. Ndugu na marafiki wakawa wanaingia na kutoka kumjulia hali, kama ilivyo ada.

Wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa ndui ilikuwa nini. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara ilibeba shanga, vitambaa na bunduki, ikabeba na ndui pia. Miaka ya 1890, Wamasai waliokwisha kupoteza ng'ombe wao kwa sotoka walipigwa na ndui wakiwa tayari wamedhoofu kwa njaa. Njaa kuu iliyolikumba eneo la kati la Kenya mwishoni mwa muongo huo nayo iliandamana na ndui. Ndui ya aina kali iliua karibu watu watatu kati ya kila kumi iliowapata. Walionusurika walibaki na makovu usoni maisha yao yote, na baadhi yao walipofuka. Dawa ya kuitibu haikuwapo. Hata mwaka 1967, enzi ya ndege za jeti na vyombo vya anga za juu, ilikadiriwa kuwa watu kati ya milioni 10 na 15 waliugua ndui kwa mwaka mmoja, na milioni mbili hivi wakafa.

Na chanjo ilikuwapo tangu 1796, Edward Jenner alipomchanja mtoto kule Uingereza. Mbona basi ilichukua muda wote huo?

Sehemu ya jibu ni joto. Chanjo ya maji iliharibika upesi ilipotolewa penye baridi, na zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na umeme wala jokofu. Mchanjaji angeweza kutembea siku tatu kumfikia mtu wa mwisho na kumpa dozi iliyokwisha kufa njiani, kisha akaandika kwenye daftari kwamba amechanjwa. Katika miaka ya 1950, Leslie Collier wa Taasisi ya Lister nchini Uingereza alipata njia ya uhakika ya kuigandisha chanjo na kuikausha kwa wingi, ikawa unga unaokaa ndani ya kichupa cha kioo. Baadaye Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka sharti kwamba kila chanjo itakayotumika iweze kukaa wiki nne katika joto la nyuzi 37 bila kupoteza nguvu. Sasa kichupa kiliweza kusafiri mgongoni mwa ngamia.

Sehemu nyingine ni kifaa cha kuchanjia, nacho chastahili kutazamwa kwa karibu. Benjamin Rubin, mtafiti wa kampuni ya dawa ya Wyeth huko Marekani, alichukua sindano ya cherehani akasaga lile tundu la uzi mpaka likafunguka na kubaki uma mdogo wenye meno mawili. Ukiichovya kwenye dawa, tone moja dogo hushikwa katikati ya meno hayo, na tone hilo ndilo dozi kamili. Mchanjaji huulaza mkono wake juu ya mkono wa mtu, akaidunga ngozi mara kumi na tano kwa haraka, ndani ya duara dogo kuliko kifungo cha shati, mpaka chembe ya damu ionekane. Basi, kazi imekwisha. Kichupa kilichokuwa kikichanja watu 25 sasa kilitosha watu 100. Sindano ilikuwa ya chuma, ikichemshwa yatumika tena na tena. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufundishwa kuitumia kwa dakika kumi na kitu. Wyeth iliiachia WHO bila kudai malipo ya hakimiliki, na hilo ni jambo la kukumbukwa kwa heshima kila inapozungumzwa habari ya bei za dawa.

Wazo la kuifuta ndui duniani lilitolewa rasmi mwaka 1958 na Viktor Zhdanov, naibu waziri wa afya wa Umoja wa Kisovieti, na nchi yake ikaanza kutoa mamilioni ya dozi kila mwaka. Kampeni yenye nguvu zaidi ilianza 1967 chini ya daktari Mmarekani, D. A. Henderson. Katikati ya vita baridi, mataifa yaliyotishana kwa makombora yalikubaliana juu ya jambo hili moja. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleza: chanja watu wanane kati ya kila kumi, na ugonjwa utakosa pa kwenda. Lakini kulikuwa na maeneo yaliyovuka kiwango hicho na ndui ikaendelea kutamba humo, kwa sababu wale wawili waliosalia hawakutawanyika sawasawa. Walikuwa maskini wa mabanda ya mjini, wahamaji, vibarua wa msimu, watoto wachanga: watu wasioonekana kwenye daftari la mtu yeyote.

Njia mpya ilipatikana kwa sababu ya uhaba. Mwishoni mwa 1966, daktari William Foege alikuwa mashariki mwa Nigeria wakati ndui ilipolipuka na chanjo aliyokuwa nayo haikutosha kuchanja eneo zima. Wamisionari wa huko walikuwa na redio za kuwasiliana kila jioni. Foege akawaomba watume watu vijijini wakaulize wapi kuna mgonjwa. Baada ya kujua, alichanja kijiji chenye wagonjwa na vile ambavyo watu wake huenda sokoni au kwa jamaa, vingine akaviacha. Mlipuko ukazimika ilhali watu wengi wa eneo hilo hawakuwa wamechanjwa.

Njia hiyo ilifaulu kutokana na tabia ya ndui yenyewe. Haina mnyama wa kujificha ndani yake, huishi kwa binadamu tu. Mgonjwa haambukizi mpaka aanze kuugua, na akiugua alama zake hazifichiki. Huchukua wiki moja na nusu hadi mbili kabla ya kumwangusha aliyeambukizwa, na aliyechanjwa ndani ya siku chache tangu amkaribie mgonjwa huweza kukingika. Kwa hiyo aliyemwahi mgonjwa mapema, akamzungushia watu waliochanjwa, alikuwa ameikatia ndui njia. Kuanzia hapo kazi kubwa ya kampeni ikawa kutafuta habari. Wafanyakazi walizunguka masokoni na mashuleni wakiwa na kadi yenye picha ya mtoto aliyejaa malengelenge, wakiuliza: umemwona mtu wa namna hii? Mtoto wa shule na mchuuzi wa sokoni wakawa macho ya wizara ya afya. Wataalamu walileta sindano na unga. Waliojua mgonjwa yuko wapi ni wenyeji.

Kufikia mwisho wa 1975 Asia ilikuwa imemaliza. Mgonjwa wa mwisho kuipata ile ndui kali kwa njia ya kawaida alikuwa mtoto wa kike katika kisiwa cha Bhola, Bangladesh. Ikabaki Pembe ya Afrika, pamoja na aina hafifu ya ndui isiyoua sana, ambayo kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa ngumu kuikamata. Mtu mwenye ndui hafifu huweza kutembea, kuchunga, kuhama na mifugo yake. Wagonjwa walionekana Mogadishu Septemba 1976, na kwa miezi kadhaa ukubwa wa tatizo haukuwekwa wazi. Ukimya huo uliigharimu nchi. Mwaka 1977 ulipokwisha, Somalia ilikuwa imehesabu wagonjwa 3,229. Wengine watano walipatikana Kenya, huko Mandera, nao ni wa mwisho katika historia ya nchi hiyo. Katikati ya mwaka vita vya Ogaden vikaanza, na watu wakazidi kuhama.

Jinsi ya kumtenga mgonjwa asiye na nyumba ilibidi ibuniwe papo hapo. Wafugaji walijenga kibanda, wakakizungushia boma la miiba, lile lile la kuzuia fisi wasiingie zizini. Wahudumu wakawalipa walinzi wa kukaa mlangoni na kumpelekea mgonjwa chakula na maji, maana mgonjwa mwenye njaa haupiti usiku kabla hajatoka. Boma hilo la miiba ni sehemu ya teknolojia ya kampeni hii sawa na sindano ya Rubin, na aliyelibuni alikuwa mfugaji.

Baada ya juhudi zote hizo, kisa cha Merka kilishtua. Aliyeambukizwa alikuwa mpishi wa hospitali, mahali ambapo kila mtumishi alitakiwa awe amechanjwa. Ali Maow Maalin hata aliwahi kufanya kibarua cha kuchanja, ila mwenyewe hakuwa na kinga; miaka mingi baadaye alikiri kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Aliyemtambua alikuwa muuguzi wa hospitali hiyo. Alitoa taarifa tarehe 30 Oktoba, wakati ambapo zawadi ya fedha ilikuwa ikitolewa kwa yeyote atakayeonyesha mgonjwa wa ndui.

Kuanzia saa hiyo mji ulishughulikiwa kwa ukamilifu ambao ni nadra kuuona. Ali alitengwa na kuwekewa ulinzi. Hospitali ilifungwa kwa wagonjwa wapya, waliokuwamo wakachanjwa na kuzuiliwa humo. Watu 161 waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja, wakachanjwa, wakafuatiliwa. Vizuizi vikawekwa barabarani na hata kwenye njia za miguu, na wapekuzi wakapita nyumba kwa nyumba. Katika wiki mbili watu 54,777 walichanjwa Merka na viunga vyake. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na Ali. Yeye mwenyewe alipona.

Msako uliendelea kwa miezi kadhaa, na tarehe 17 Aprili 1978 telegramu ikatoka Nairobi kwenda Geneva ikieleza kwamba upekuzi umekamilika, hakuna mgonjwa aliyepatikana, na mpishi wa Merka ndiye wa mwisho. Kwa tahadhari WHO ilitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayemwonyesha mwingine, hakuna aliyeichukua. Balaa lililofuata lilitoka maabara: mwaka huo huo wa 1978 virusi vilivyokuwa vikihifadhiwa kwa utafiti mjini Birmingham, Uingereza, vilimwua mfanyakazi mmoja wa chuo kikuu. Tarehe 26 Oktoba 1979, miaka miwili kamili tangu upele umtoke Ali, ilitangazwa jijini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imesalimika. Mei 1980 dunia nzima ikathibitishwa kuwa huru.

Ali alibaki Merka. Polio ilipoanza kupigwa vita Somalia, alijiunga na kampeni, akawa anazungukia akina mama waliositasita na kuwasimulia yaliyompata aliyekwepa chanjo. Polio ilirejea nchini mwaka 2013, naye akarudi kazini kuchanja. Malaria ikamwua Julai mwaka huo, akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Mitandao iliyojengwa kuisaka ndui iliona mengine pia. Mwaka 1970, huko Basankusu, kaskazini-magharibi mwa Kongo, mtoto wa miezi tisa alipatikana na upele uliodhaniwa kuwa ndui. Vipimo vikaonyesha ni kirusi cha ukoo huo kilichokuwa kikijulikana kwa nyani tu. Ndiye binadamu wa kwanza kutambuliwa kuwa na ugonjwa unaoitwa leo mpox. Chanjo ya ndui humkinga mtu nao kwa kiasi kikubwa, lakini uchanjaji ulisimamishwa ndui ilipokwisha, na waliozaliwa baada ya 1980 hawana kinga hiyo.

Tokea Septemba 2023 aina mpya ya mpox ilianza kusambaa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu wa Kivu Kusini. Kutoka hapo ilifuata barabara za biashara hadi Burundi, Rwanda na Uganda, na mwishoni mwa Julai 2024 Kenya ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza katika kituo cha mpakani Taita Taveta, msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kwenda Rwanda. Wakati wote huo nchi tajiri zilikuwa na chanjo kwenye maghala yao. Shehena ya kwanza, dozi karibu 100,000, ilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, mwaka mzima baada ya Kamituga, na uchanjaji ukaanza Goma mwezi mmoja baadaye. Waliotangulizwa walikuwa wahudumu wa afya na watu waliokutana na wagonjwa.