Kutoka Uwanjani Hadi Kwenye Kalamu

Wengi wetu tuliosomea ualimu katika miaka ya sabini hatukuujua sana mchezo wa kriketi. Mpira wetu ulikuwa wa miguu. Kriketi tuliiona kwa mbali, ikichezwa na Wahindi na Wazungu waliovaa mavazi meupe. Hata hivyo, mwezi wa Juni 1975, nikiwa chuoni, tulisikia kwamba timu ya Afrika Mashariki imekwenda Uingereza kushiriki Kombe la Dunia la kwanza la wanaume la mchezo huo. Wachezaji walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walicheza mechi tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza, wakashindwa zote.

Miongoni mwao alikuwamo Donald Pringle, mkazi wa Kenya. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule alifariki katika ajali ya gari. Aliacha mwana aitwaye Derek, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Derek alisoma Uingereza, akafika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1982, akiwa bado mwanafunzi, aliteuliwa kuichezea Uingereza. Katika miaka kumi alicheza mechi 30 za kimataifa za siku tano. Lakini siku yake kubwa ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1992 mjini Melbourne. Aliwatoa wapigaji watatu wa Pakistan kwa mikimbio 22 tu. Mara mbili aliamini kwamba amemtoa Javed Miandad pia, mwamuzi akakataa. Mwishowe Uingereza ilishindwa, nayo kwa mikimbio 22 hiyohiyo.

Baada ya kustaafu mwaka 1993 alishika kalamu, akawa mwandishi wa kriketi wa gazeti la The Independent, kisha The Daily Telegraph. Hebu fikiri, msomaji, ugumu wa kazi hiyo. Michael Atherton, aliyecheza pamoja naye mwaka 1991, alikuwa sasa nahodha wa Uingereza. Jana mnavaa viatu chumba kimoja; leo unatakiwa uwaambie maelfu ya watu kwamba mwenzako amecheza vibaya. Ukimsifu bure, unamdanganya msomaji aliyenunua gazeti. Ukisema kweli, utakutana naye mlangoni asubuhi. Atherton mwenyewe aliipitia njia hiyo baadaye, alipokuwa mwandishi wa kriketi wa The Times mwaka 2008.

Nami niliwahi kusimama mahali kama hapo, na sikusimama vizuri. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilitakiwa kuandika taarifa juu ya mwalimu mmoja tuliyesoma naye chuoni, tukalala bweni moja. Alikuwa hodari zamani, lakini pombe ilikuwa imemshinda, na vipindi vya hisabati vilipita bila mwalimu. Niliandika kwamba kazi yake inaridhisha. Nilijiambia kuwa ninamhurumia.

Mtihani ulipotoka, watoto wengi wa darasa la mwisho walikuwa wameanguka hisabati. Mama mmoja, muuza mboga, alikuja ofisini na kijana wake. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mwalimu, kwani wewe hukujua?"

Nilimjibu kwamba tutalitazama jambo hilo. Kweli ni kwamba nilijua tangu muhula wa kwanza.

Wahenga walisema msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Nilimnyamazia rafiki yangu ili asinikimbie, na pombe haikumwacha kwa sababu ya ukimya wangu. Ndiyo maana nimpatapo mchezaji wa zamani anayeandika juu ya wenzake bila chuki na bila kuficha, humsoma hadi mstari wa mwisho, hata kama mchezo wenyewe siuelewi vizuri. Amethubutu kufanya jambo ambalo mimi, nikiwa na kalamu mkononi, sikulifanya.