Linux ndani ya flashi: Jinsi ya kutembea na kompyuta yako mfukoni

Wengi wetu hatuna kompyuta. Tunaazima ya shule au ya jirani, na tukiondoka, barua na nywila zetu zinabaki humo. Ipo njia nyingine: kuweka mfumo mzima wa Linux kwenye flashi. Unaichomeka, unafanya kazi yako, unaondoka nayo.

Linux ni nini?

Ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows, ila matoleo yake mengi hayalipiwi. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Debian, Ubuntu na Tails ni baadhi ya matoleo yanayoweza kufanya kazi kutoka kwenye flashi.

Kwa nini kazi hupotea?

Kwa kawaida mfumo wa kwenye flashi husomwa tu. Unachoandika hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na kompyuta ikizimwa kinafutika. Dawa ni kuigawa flashi sehemu mbili: moja ya mfumo, nyingine ya kuhifadhi kazi zako.

Hatua za kufuata

1. Tafuta flashi ya GB 16 au zaidi. Hamisha kwanza vilivyomo, maana vyote vitafutwa.

2. Kwenye kompyuta ya Windows, pakua programu ya Rufus na faili la Debian aina ya "live". Faili hilo ni la GB kadhaa, hivyo angalia bando lako.

3. Fungua Rufus, chagua flashi yako, kisha faili la Debian. Tenga angalau GB 4 za kuhifadhi, halafu anza. Hakikisha hujachagua diski nyingine. Ukikosea, utafuta mali ya mwenzako.

4. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12, F2 au Esc, kutegemea kompyuta. Chagua flashi.

5. Andika faili dogo, zima, washa tena. Likiwepo, umefanikiwa.

Tahadhari

Usichague kusakinisha mfumo kwenye kompyuta ya kuazima. Usichomoe flashi kabla kompyuta haijazimika kabisa. Pia kumbuka, atakayeiokota anaweza kusoma yaliyomo. Mwenye siri atumie Tails, ambayo sehemu yake ya kuhifadhi hufungwa kwa nywila. Na kwa kuwa flashi huharibika, weka nakala ya kazi muhimu mahali pengine.